Mafundo Matatu ni Honi

Nimelala chali sakafuni mwa Pijo,
miguu iko nje, mlango wazi,
na upepo wa Julai, ambayo huku Tacuarembó ni kipupwe,
unanishika nyayo kama mdai.
Tochi naing'ata kwa meno.

Juu ya pua yangu, utumbo wa gari:
nyaya zilizokauka kama mikia ya panya,
utepe uliogeuka ulimbo,
fyuzi iliyoviringishwa karatasi ya pakiti ya sigara, ile ya kung'aa,
na rangi ovyo, rangi ovyo kabisa,
nyekundu imeungwa kwa kijani,
kijani kwa kahawia, kahawia tena kwa nyekundu.
"Baba," nasema, tochi mdomoni,
"fundi gani wewe?"

Mchoro wa kiwandani nimeutandaza kifuani.
Unasema: fuata nyekundu, utafika taa kubwa.
Nafuata nyekundu. Nafika kwenye geji ya mafuta,
ambayo tangu nizaliwe inasoma robo.
Tangi likijaa, robo.
Tulipokwama usiku njia ya Rivera, robo.

Basi nikashika koleo. Nikakata.
Nilishakata nyaya kumi na moja
kidole gumba kilipogusa kitu kigumu:
fundo.
La uzi wa kushonea viatu, limepakwa nta,
sentimita mbili kutoka kwenye swichi.
Waya wa jirani yake, mafundo mawili.
Wa tatu, matatu. Nikaufuata kwa vidole,
macho nimefumba,
hadi kwenye honi.

Tochi ikaanguka. Sikuiokota.

Ariosto Bentancur, aliyeacha kazi ya reli
baada ya siku moja, akatuambia moshi ulimchefua.
Siku moja! Nadhani ndiyo ile siku
mtu wa ofisi alipomwinulia vibendera viwili
na kumwuliza kipi cha kusimamisha treni.
Akabaki na fundo moyoni,
mengine akayafunga hapa
mahali ambapo hakuna mtu angelala chali kuyatafuta.

Nakimbilia jikoni, mikono myeusi.
Mama anamimina maji ya moto katika kibuyu cha yerba,
hashtuki.
"Kila Januari," anasema,
"aliniita bustanini nimwambie kama nyanya zimeiva.
Miaka thelathini na minane.
Nilidhani ananitaka karibu."
Anafyonza bomba la fedha mpaka linakoroma.
"Labda yote mawili."

Siku tisa zilinimeza.
Nyaya mpya kutoka duka la Sosa, kila rangi mahali pake,
lehemu na moshi wake unaokuna koo,
msasa kwenye ncha za balbu,
kioo cha spidomita nikakipangusa kwa pamba na siki
mpaka namba zikatoka ukungu wake.
Na kila waya, kabla sijausukuma gizani,
nikaufunga uzi.
Moja, taa. Mawili, indiketa. Matatu, honi.
Ulikuwepo mmoja wenye mafundo saba
usiokwenda popote: hauna swichi, hauna balbu,
ncha yake imekunjwa vizuri na kufichwa nyuma ya redio.
Huo nimeuacha.

Jumapili tukaunganisha betri.
Mama alikaa kwenye usukani, koti juu ya kanzu ya kulalia.
Nikamwambia azungushe ufunguo nusu tu.
Taa ndogo ya nyuma ya saa ikawaka.
"Kijani," akasema.
"Bluu hiyo," nikasema.
Tukaitazama sana, hatukuafikiana.

Geji ikatetemeka, ikaanza kupanda polepole kama mgonjwa kwenye ngazi,
ikafika robo, ikasita,
ikapita.

"Sasa honi," nikasema.
Akabonyeza kwa kiganja chote.
Kimya.
Waipa zikaamka, zikafagia kioo kikavu,
kushoto, kulia, kwa bidii.

Mama akacheka mpaka akainamia usukani.
Nami nikarudi chini, miguu nje,
nikafumba macho,
nikahesabu upya.