Koti Lililolowa

Banda la Asumwisye, nyuma ya stendi ya Tukuyu:
kiingilio mia mbili, watoto mia,
na mimi mlangoni na kopo la Blue Band.
Jumamosi tulizoea ngumi.
Gwakisa alikuwa na kipaza sauti kilichofungwa utepe
na alitafsiri kila kitu, Kichina, Kihindi, mshindo wa bunduki;
hata mbwa akibweka, alituambia amesema nini.

Siku hiyo kasha halikuwa na picha.
Nani aliileta diski, hadi leo hatukubaliani.

Mtu anashuka basini mahali penye baridi.
Hana begi. Ana koti refu, rangi ya majivu.
Anapanga chumba, analitundika koti msumarini,
anachemsha chai, anamimina vikombe viwili.
Anakunywa kimoja.

Gwakisa akakohoa.
«Huyu ni jambazi. Anamsubiri mwenzake.»
Dakika kumi. Mwenzake hakuja.
«Au siyo jambazi.»

Nje, mvua ya Machi juu ya bati;
mvua ya kwetu haibishi hodi.

Kila asubuhi yule mtu huenda posta.
Karani hutikisa kichwa. Yeye huinamisha chake, kama anayeshukuru.
Siku moja barua ikawepo.
Akaiweka chini ya kikombe cha pili,
kile kisichonywewa,
na banda zima likaguna kana kwamba mtu kakosa penalti.
«Ifungue!» akafoka Lusekelo, fundi baiskeli.

Akaja askari, kofia mkononi,
akauliza jambo, nadhani kuhusu mwanamke.
Midomo tuliiona; sauti ilimezwa na bati.
Tukamgeukia Gwakisa.

Angeweza kutudanganya. Alikuwa ametudanganya miaka sita,
kwa bei nafuu na kwa upendo.
Akashusha kipaza sauti hadi magotini.
«Hapa,» akasema, «hata mimi sijui.»

Vijana watano wakadai hela zao, nikawarudishia.
Tuliobaki tukasogea benchi za mbele.
Yule mtu alikuwa anatazama dirisha.
Tukamtazama akitazama.

Kisha giza.

Hakuna aliyepiga mluzi. Tulidhani giza ni lake.
«Amezima taa,» Gwakisa akanong'ona.
«Anafikiri.»
Tukakaa naye humo, sijui kwa muda gani,
mahindi ya kuchoma yakipoa mikononi,
mpaka Asumwisye akaingia na kurunzi:
«Ninyi vipi? Umeme umekatika kitambo!»

Umeme ulirudi Jumatatu. Diski haikurudi.

Mwezi mzima tulibishana, kinyozi, sokoni, kwenye mzani wa majani ya chai:
kwamba alimuua, kwamba alimficha,
kwamba mwanamke ndiye aliyeandika barua,
kwamba hapakuwa na mwanamke, askari alipotea njia tu.
Subilaga, muuza karanga, hakubishana na mtu.
Siku moja, akipima karanga kwa kikombe, akasema:
«Lile koti lilikuwa limelowa.
Tangu mwanzo. Lilidondosha maji sakafuni.
Na kule kwao, ninyi hamkuona?
Vumbi tupu. Haikunyesha hata tone.»

Hakuna aliyemjibu.
Lusekelo alinunua karanga ambazo hakuzitaka.

Gwakisa siku hizi anatengeneza simu, Uyole.
Mwaka jana nilimpitia, nikamuuliza.
Filamu anaikumbuka vizuri, akasema,
posta, barua, askari mwenye kofia.
Ila koti hapana.
«Koti lipi? Yule alikuwa na mwavuli.»
Akarudi kwenye bisibisi yake.

Nikaaga. Nje ilikuwa Agosti, kiangazi kikavu,
vumbi la barabara ya Tunduma likipanda mpaka kwenye mabango.
Nilipofika kona nikapapasa bega la koti langu,
mara moja tu, haraka,
nikaangalia kama kuna aliyeniona.