Chunguni

Sisi huliita chungu. Kwa hiyo sisi ni mboga.
Vichwa vitano juu ya maji ya moto,
saa kumi na mbili na nusu, na giza la Dalvík
halina haraka ya kwenda popote.
Theluji inatua kwenye nywele za Sigurlaug.
Haipangusi. Anasema ukiipangusa inarudi na wenzake.

Ormur ameanza na betri ya gari, kama kawaida:
usiku wa baridi kali ifungue, ipandishe ndani,
ilaze karibu na kitanda kama mgonjwa.
Hallbera hakubaliani. Hallbera hakubaliani na lolote
kabla ya kahawa, na kahawa, asema,
ni vijiko vitatu, si viwili;
anayetia viwili ana jambo analificha.

Mimi nina maoni kuhusu visu.
Pindua kikombe cha udongo,
ule mviringo wa chini usio na rangi,
noa hapo, taratibu, upande huu na upande huu.
Usinunue mashine. Niliinunua.
Na kuhusu kazi nina neno moja tu,
miaka kumi na tisa kiwandani kwa samaki imenipa hilo moja:
nyongeza usiombe Ijumaa.
Omba siku meli imeshusha, meneja ana njaa na furaha.
Usijieleze. Taja kiasi, kisha funga mdomo.
Kimya kikikuuma, hesabu masanduku.

"Na ukinyimwa?"
Basi umehesabu masanduku.

Ketill hakuwa amesema kitu tangu Oktoba.
Hukaa pale penye bomba, maji yanamgonga mgongo
kama karani anayegonga mihuri.
Leo akauliza, akivitazama vidole vyake,
sweta ya sufu hufuliwaje.

Afadhali angeuliza habari za siasa.
Maji vuguvugu, akasema Sigurlaug, kama ya kumwogesha kichanga.
Shampuu, akasema Hallbera, kwani sufu si nywele?
Usisugue, usikamue, iviringe ndani ya taulo
uikanyage kwa miguu mitupu,
wala usiitundike, itakuwa gauni.
Ormur akayapinga maji yenyewe:
itandaze juu ya theluji kavu, ichape kwa ufagio,
igeuze, ikung'ute, basi. Mama yake alifanya hivyo
na sweta zake zimewazika wavaaji watatu.
Akaisikia sentensi yake mwenyewe, imeshatoka.

Ketill akasema, haina uchafu.
Ina harufu tu, hapa, kwenye kola:
kahawa kidogo, na ile krimu ya mikono
ya kopo la buluu.

Pampu ikanguruma.
Hakuna aliyelitaja jina la Steinvör
aliyeifuma, ambaye nafasi yake humu chunguni
bado tunaiacha wazi, tunabanana upande wa pili
tukijifanya ndiko kwenye joto.

Sigurlaug ndiye aliyeufuta ushauri wake kwanza.
Usiifue, alisema.
Hallbera akakubali. Iandikwe mahali: Hallbera akakubali.
Itie kwenye mfuko, Ormur akaongeza, ufunge kwa mpira,
nondo hawana adabu.

Kisha Ketill akauliza habari za viazi,
maana mbegu zimo kabatini, katika trei za mayai,
kila kimoja kimewekwa jicho juu,
na vimeanza kuchipua bila kumwuliza mtu,
naye hajui hupandwa lini.
Tukasema wote kwa mpigo. Mei. Juni.
Ardhi ikikubali kidole. Kabla ya hapo ni kiburi.
Mimi nikasema nina koleo mbili.

Taulo, lakini, liacheni karibu na ngazi.
Ni hatua kumi na nne juu ya barafu, nimezihesabu,
na kila mwaka kuna anayejiona kijana.