Pakiti ya Nne

Wiki ya sita, hapa Al Khoudh. Nakoroga unga
kwenye maji baridi: vanila inayonukia chaki.
Kalori mia nane kwa siku, kasema daktari wa magoti,
"na tende, Bi Zamzam, nayo ni chakula."

Mkaza mwanangu Shinuna kaleta sinia la harisi,
samli imetuama katikati kama kisima.
"Kidogo tu, mama."
Kidogo hicho ndicho kilichonifikisha
kilo mia na kumi na mbili.

Nimekaa nao. Mkono wa kulia nimeukalia.
Wanamega, wanaramba vidole;
mimi na mrija wangu, kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Usiku njaa haibishi hodi, ina ufunguo wake.
Huniamsha ikanitajia majina:
mkate wa ufuta, halwa ya zafarani,
ukoko wa pilau aliokuwa akinikwangulia mama.

Leo naosha kikombe, pete ya marehemu
ikateleza yenyewe, ikalia ndani ya sinki.
Miaka ishirini na moja haikutoka,
hata kwa sabuni,
hata nilipokaa eda.

Sijui nicheke.
Nimeivaa dole gumba
nikapanda ngazi, zote kumi na nne,
bila kushika ukuta.