Uso wa Ua

Fundi Shafiqul ana misumari mitatu mdomoni,
hawezi kuuliza, basi anauliza kwa viganja:
huku? au huku?
Saa moja asubuhi, Mabela,
na jua limeshakaa kitako juu ya matangi ya maji.

Ukuta wa zamani ulibebwa na mafuriko ya Aprili.
Matofali yake bado yamelala kwa Bi Ghanima
kama wageni waliokataa kuaga.
Sasa tunaweka mbao, na ubao, kumbe, una yake:
upande mmoja uso, umepigwa randa hadi unateleza;
upande wa pili mgongo, maboriti, vichwa vya misumari,
hesabu za fundi kwa penseli, muhuri wa duka.

Muhenna, dirishani, chai hajamaliza:
"Fedha nimetoa mimi. Uso tuutazame sisi."

Marehemu mama, kutoka Wete, kutoka kaburini:
"Mgeni hatandikiwi mkeka mgongo juu."

Lakini mama, ua wetu ulikuwa wa makuti.
Kuti halina uso. Likichakaa, limechakaa kote,
na jirani alikuona ukijikuna, na wewe ulimwona.

Lugha nayo haikunisaidia.
Ua, la kunusa.
Ua, wa kujisitiri.
Na ile ya tatu siitaji,
mbuzi wa Bi Ghanima wanasikiliza.

Nikanyoosha mkono: uso, kwake.
Muhenna akafunga dirisha
taratibu, ili nisikie.

Adhuhuri ua umesimama. Upande wangu mbavu tupu.
Nikakaa kivulini na wema wangu,
tukala tende, mimi na wema wangu,
kokwe tukazitema mbali.

Alasiri, hodi.
Bi Ghanima, beseni la ndimu ubavuni.
Kiarabu chake cha milimani, changu cha madirisha ya ofisi,
tunakutana katikati, kwenye mikono.
"Mashallah, uso mzuri. Kama meza ya waziri.
Sasa vifuko vyangu nitavitundika wapi?"

Miaka kumi na moja, katika vyuma vya ukuta ule,
alikuwa akianika ndimu zake ndani ya nyavu.
Alitaka mgongo.
Alitaka maboriti na misumari.
Nilimuuliza maiti, sikumuuliza jirani.

Fundi keshapanda basi la vibarua. Hadi Alhamisi.

Basi vifuko vikaja kwangu, vitano,
kila kimoja na msumari wake.
Asubuhi Bi Ghanima huingia bila hodi kuvigeuza,
ndimu zinaingia hudhurungi, zinaelekea weusi,
harufu inapita dirishani, Muhenna anapiga chafya,
analaani, jioni anaomba mchuzi uongezwe.

Alhamisi Shafiqul akapita, viganja juu:
tugeuze?
Bi Ghanima alikuwa hapo, vidole vyeusi.
Tukatazamana.
Misumari, nikamwambia, tia mfukoni.
Kaa kwanza, chai iko motoni.