Soksi Mdomoni mwa Pampu

Łódź, ghorofa ya nne, Januari.
Dirisha limeganda, bomba la joto linakohoa,
na mimi, mfumaji mstaafu, masikio nimeyaacha kiwandani,
nimepiga magoti mbele ya tangi la lita thelathini.

Kamba mwekundu alibeba mayai chini ya mkia,
akayapepea, akayapepea, kama mtu apozaye chai ya mgeni.
Siku ishirini na nane nimemngoja.
Leo tumbo tupu,
na majini simwoni hata mmoja.

Mara ya kwanza nilimlaumu samaki.
Ziemowit akampeleka kwa jirani, akanuna wiki nzima.
Mara ya pili nililaumu maji, nikayabadili yote kwa pupa,
wakafa hata wakubwa.
Miaka thelathini nilisokota uzi.
Kamba hawa hawasokotwi.

Usiku nakamua sponji ya pampu ndooni.
Ndoo nimeshaiinamisha juu ya sinki
nukta ikaruka.
Nukta yenye macho.
Nikavaa miwani ya Ziemowit juu ya yangu:
uduvi, kila mmoja kama kile kijiuzi
tulichokuwa tukikipuliza kutoka mashineni.
Kumi na saba. Labda kumi na tisa, hawatulii.

Nikakata soksi ya nailoni, ile ya harusi ya Jagna,
nikaziba mdomo wa pampu kwa fundo la kiwandani,
fundo lisilojua kufunguka.
Nikawawekea jani la mwaloni nililolichemsha.

Asubuhi Ziemowit anauliza wamebaki wangapi.
Namnyamazisha kwa kidole.
Pembeni mwa jani, kitu kinachopenya mwanga
kinakula kwa mikono yote.