Jua Chini ya Nyayo

Saa nane usiku. Theluji imefunga barabara ya Hida,
nami niko mita elfu moja chini ya kilele,
na buti zangu za mpira, nalinda tangi la maji.
Baba alichimba zinki humu humu,
akatoka na mapafu mabovu na utani mwingi.
Mimi nachimba jua.

Usicheke. Jua sasa hivi liko chini ya nyayo zangu,
ng'ambo ya dunia, linawakaushia Wabrazili nguo,
na chembe zake zinapanda,
zinapenya mwamba, zinapenya ini langu,
matrilioni kila sekunde, bila hodi.
Neutrino. Hazina deni na kitu chochote.
Mara chache mno moja hujikwaa majini,
na kwenye skrini ya Tokunaga huchorwa duara hafifu.
"Mgeni kafika," husema, mdomo umejaa tambi.

Huko atokako mgeni, kwenye kiini,
joto ni nyuzi milioni kumi na tano
na bado halitoshi.
Protoni mbili hukimbiliana, kisha husukumana:
mafahali wawili, na zizi ni moja.
Kwa hesabu ya kawaida zisingegusana kamwe.
Ila maumbile yana mlango wa uani.
Kwa nadra isiyosemeka, protoni hujikuta
imeshavuka ukuta
bila kuuparamia, bila kuubomoa,
na hapo kani yenye mkono mfupi na mshiko mkali
huzinasa zote mbili.
Moja hugeuka nyutroni. Neutrino huchomoka.
Haidrojeni nne, hatua kwa hatua, huishia heli moja,
na ukiiweka heli hiyo mizanini
sehemu saba katika elfu hazionekani.
Hazikuibwa.
Ndizo mchana.

Nilimweleza Mama haya akigeuza mboji nyuma ya ghala,
mvuke ukimpanda hadi kwenye kilemba.
Nikamwambia: kilo moja ya kiini cha jua
haitoi joto kama kilo ya lundo lako hili.
Protoni yaweza kungoja miaka bilioni kadhaa
kabla haijapata mwenzi.
Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyetapeliwa kazini.
"Sasa, Chizuru, linatuunguzaje?"
Kwa wingi wa wanaongoja, Mama.
Haba na haba,
ila kibaba chenyewe kinameza dunia milioni.

Akaenda kupindua figili alizozianika.
Sikumwambia kwamba nuru iliyozikausha
ilizurura ndani ya jua miaka maelfu kwa maelfu,
ikigongwa huku, ikirudishwa kule,
kabla ya kuona upenyo;
kwamba ilianza safari kabla kijiji hakijawa na jina.
Neutrino hutoka kwa sekunde mbili.
Dakika nane baadaye imeshatupita.

Baba akitoka shimoni
alikuwa akifunika macho kwa kiganja,
akisimama hivyo muda mrefu mlangoni.
Nilidhani anaumwa.

Skrini imelia. Tokunaga ameweka vijiti chini.