Kifungu cha Kumi na Tisa

Nchi yenyewe, alisema mtangazaji wa usiku, iko huko Ulaya,
na ingeenea yote ndani ya Newala
ikabaki nafasi ya kupanda mikorosho.
Ina mtawala, ina bunge la watu kumi na wanane,
na sheria moja ambayo mtawala hataki kuitia saini
kwa kuwa inamnyang'anya kalamu ya kusainia.

Ungo wa mbaazi ukaniganda mkononi.
Hayo si ya kwetu hayo?

Kwetu ni Chama cha Watumia Maji.
Katiba yetu ni daftari la mistari, kurasa arobaini,
gamba limeliwa na mende upande wa twiga.
Aliyeiandika ni mimi, Somoe Nangomwa, katibu.
Kifungu cha kumi na tisa nilikiandika
mwaka ule tulipokuwa bado tunapendana:
"Hakuna badiliko bila saini ya mwenyekiti."
Sasa tumepiga kura, sitini na mmoja kwa wanne,
muhuri utoke chini ya mto wake wa kulalia.
Na badiliko linangoja saini yake.

Siku ya kumi na mbili.
Hundi ya dizeli haina sahihi, mashine imenuna.
Ndoo zimepangwa kwenye ukungu tangu alfajiri,
kila moja na jiwe ndani, upepo usiichukue.
Mwenye punda ameanza kutuita "wateja wangu".
Mzee Likumbo yuko barazani: "Katiba ni katiba."
Kweli. Nimefungwa kwa kamba niliyoisokota mwenyewe.

Usiku ule redio ikamalizia kisa:
mtawala amekubali kuugua.
Siku moja tu, kwa karatasi ya daktari.
Alipolala, wakasaini. Kesho yake akaamka mzima.

Asubuhi nikaenda kwa Likumbo. Ya Ulaya sikuyataja.
"Mwenyekiti, mbona macho mekundu?
Hii si homa?"
Akanitazama, akanitazama.
Ndani mkewe alikuwa anakwangua sufuria kavu
kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.
"Labda," akasema. "Labda tangu juzi."
Akaitisha blanketi.

Saa nne makamu akasaini.
Saa kumi bomba likakohoa,
likatema kutu, likatema mjusi, likatoa maji.

Kwenye foleni nikaiona ndoo ya bluu,
S.L. kwa rangi ya kucha,
imeshikwa na mgonjwa mwenyewe, blanketi begani,
anadai apishwe mbele
kwa mujibu wa kifungu cha saba.

Nikafungua daftari.
Kipo.